Mfuate Mgonjwa Kwanza

Mganga mfawidhi wa kituo cha milimani kama Bungu, Usambara, ukiambiwa mfumo wa kompyuta unakuja, usianze kuuliza mashine ni ngapi. Chukua kalamu, mfuate mgonjwa mmoja tangu mapokezi hadi dirisha la dawa, uhesabu jina lake limeandikwa mara ngapi. Hapo ndipo mfumo utapona au kufa. Muuguzi akijaza daftari la MTUHA, lile la taarifa za huduma za afya, kisha aketi kuchapa maelezo yaleyale kwenye GoTHOMIS, mfumo wa kompyuta wa serikali, baada ya mwezi atabaki na daftari. Na si uvivu. Basi kaa mapema na mganga mkuu wa wilaya, mkubaliane daftari lipi linaachwa na lini.

Mosoriot, kituo cha afya cha kijijini karibu na Eldoret, Kenya, walianza kutumia mfumo wa kompyuta mwaka 2001. Tabibu aliendelea kujaza fomu ya karatasi. Karani ndiye aliyechapa. Ripoti za mwezi zikawa zinatoka kwenye kompyuta, na muda wa mgonjwa kituoni ukapungua kwa asilimia 22. Mie napenda unyenyekevu ule: hawakumlazimisha tabibu kuwa mpiga chapa.

Umeme utakatika, masika hasa. Dai betri ya akiba, na seva ikae humohumo kituoni ili mtandao wa nje ukipotea, mapokezi na maabara waendelee kuonana. Weka pia fomu za karatasi zenye namba, na mtu anayejulikana wa kuziingiza umeme ukirudi.

Majina nayo ni mtihani. Usambara hii, ukiita Shemdoe benchini wanaweza kuinuka watatu. Kabla ya kufungua faili jipya, karani atafute kwa namba ya kadi, kisha simu, kitongoji na jina la mama. Bibi asiyejua tarehe yake ya kuzaliwa asibuniwe ya Januari mosi. Andika umri wa makadirio, na ionekane ni makadirio.

Mafunzo yafanyikie kituoni, mezani pa kila mtu, siku ya kazi. Semina ya mjini ina chai na posho, lakini haina foleni. Fundisha wawili kwa kila dirisha, maana uhamisho haupigi hodi. Na kila mmoja awe na nywila yake. Ile iliyoandikwa kwenye karatasi na kubandikwa pembeni ya kioo cha kompyuta, ibandue leo.