Somo la Dola na Elimu katika Pwani Yetu, 1650 hata 1729

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Ajue msomaji ya kuwa nguvu hutwaa mji, lakini haziwezi kuuweka ila kwa umoja wa wenyewe. Na ushahidi wa neno hili umo katika habari za Mombasa na Pate.

Wareno walianza kujenga ngome ya Mombasa mwaka 1593. Maskati iliwatoka mwaka 1650, ikatwaliwa na Imamu Sultani bin Seif al-Yaarubi. Kisha mwaka 1696 jeshi la mwanawe, Imamu Seif bin Sultani, likaizingira ngome ya Mombasa karibu miaka mitatu. Waliokuwa ndani wakafa kwa njaa na maradhi, hata ikatwaliwa mwaka 1698.

Ikadhaniwa mambo yamekwisha. Lakini baadaye uimamu wa Omani ulimwangukia mtoto, na Wahinawi na Waghafiri wakapigana wao kwa wao. Huku pwani, Pate iligombana na Waomani, ikapatana na Wareno. Mwaka 1728 Wareno wakaingia tena Mombasa. Hawakuja kwa nguvu zao tu. Walifunguliwa mlango na Waislamu.

Na katika Pate hiyo hiyo, Hijra 1141, iliyoanza ndani ya mwaka ule wa 1728, Mwengo bin Athumani alitunga Chuo cha Herekali kwa ombi la mfalme, kueleza vita vya Waislamu na Kaisari wa Rumi. Basi na azingatie mwenye akili: utenzi ulisifu mashujaa wa kale, na bandarini mna merikebu za Wareno! Mwaka 1729 watu wa pwani waliungana, wakawatoa.

Zama hizo Ulaya nayo ilishughulika na elimu. Isaac Newton alitoa kitabu chake cha hisabati mwaka 1687. Na Tarimu, Hadhramaut, alikuwako Sayyid Abdallah bin Alawi al-Haddad (1634–1720), aliyepofuka utotoni. Hakuwa na jeshi wala ngome. Alisomesha, akatunga Ratibu.

Dola ya Mayaarubi imekwisha, na ngome ya Mombasa ni nyumba ya makumbusho. Ama Ratibu ingali ikisomwa, na Muislamu aliyeko Busisi, ukingoni mwa Ziwa Viktoria, huweza kuisoma kama asomavyo mtu wa Lamu.

Maswali:
1. Ni nini kilichowarudisha Wareno mwaka 1728?
2. Katika ngome na Ratibu, ni kipi kilichodumisha kazi yake, na kwa nini?

Wallahu aalam.