Kulala hemani Kasigau

Swali: Tunataka kuzuru machimbo ya vito Kasigau kwa gari na kulala hemani. Tujiandae vipi?

Jibu: Jazeni mafuta na maji Voi, kisha mkate kona Maungu kuelekea Rukanga. Msipige hema porini: ndovu wa Tsavo huzurura huko usiku, na harufu ya matunda huwavuta. Ombeni uwanja kijijini, Rukanga au Bungule. Wenyeji ndio watakaowaambia ni machimbo gani hupokea wageni. Kwingine gari geni hutiliwa shaka, si bure: Campbell Bridges, mgunduzi wa tsavoraiti, kito cha kijani, aliuawa huku huku Taita Taveta mwaka 2009 katika mzozo wa machimbo. Mkiuziwa jiwe la kijani njiani, kataeni. Biashara ya madini inataka leseni, tena jiwe lenyewe huenda ni kipande cha chupa. Mvua ikianza, ahirisheni safari.