Mvuvi wa Peke Yake na Saa ya Kurudi



Katika mgodi hakuna mtu anayeshuka chini kabla hajaacha jetoni yake kwenye ubao wa mlangoni. Sababu mnaijua. Zamu ikiisha, msimamizi anautazama ubao, na jetoni moja ikibaki, watu hawaendi nyumbani mpaka mwenyewe aonekane. Sheria hiyo hatuibishii. Lakini siku ya mapumziko mtu yuleyule anachukua ufito wake saa kumi na moja alfajiri, anafunga mlango polepole asiwaamshe watoto, anakwenda mtoni peke yake, na hakuna hata mmoja anayejua amekwenda ng'ambo ipi wala atarudi saa ngapi.

Hilo ndilo somo la leo. Sikatazi uvuvi. Mimi mwenyewe ni mvuvi, tena wa peke yake, kwa sababu mtu anayesikiliza magonjwa ya watu siku sita anahitaji asubuhi moja asiyosikia neno. Ufito wa mwanzi, minyoo ya udongo ndani ya kopo, na chelezo nilichokichonga kwa kandambili kuukuu: hivyo vinanitosha. Ukungu ukiwa bado juu ya maji, chelezo kinatikisika mara moja, mara mbili, kisha kinazama, na moyo unaruka kama wa mtoto. Jioni kuna samaki wa sombe.

Sasa sikilizeni lililonipata.

Ilikuwa majira ya mvua. Usiku kambini kwetu Walikale haikunyesha hata tone, ila niliona umeme wa radi mbali, upande wa Masisi. Sikujali. Asubuhi mto Oso ulikuwa umetulia, na nilivuka kwa kukanyaga mawe mpaka kwenye mwamba ulio katikati, maana kambale wanapenda kivuli chake. Kufika saa mbili nilikuwa na tilapia watatu wadogo na kambale mmoja. Kisha maji yakageuka rangi, yakawa kama chai ya maziwa. Yakaja majani na vijiti, yakaja mapovu. Nilipogeuka kutazama nyuma, mawe niliyoyakanyaga sikuyaona tena.

Hapa tufahamu jambo moja la nchi yetu. Milima ya Masisi inapita mita 2000, na Walikale iko chini sana, ndani ya msitu. Oso unashuka kutoka huko milimani, unaingia Lowa, na Lowa unakwenda mpaka Lualaba. Kwa hiyo mvua iliyonyesha jana jioni juu ya malisho ya ng'ombe wa Masisi inaweza kukufikia asubuhi wewe uliyelala pakavu. Anga ya kwako haikuambii habari za mto. Maji yakianza kuwa machafu, yakileta takataka na povu, au sauti yake ikibadilika, toka wakati uleule. Usingoje kuvuta samaki wa mwisho. Mimi nilimngoja, ndiyo maana nayaandika haya.

Nilikuwa nimevaa buti za mpira, zilezile za kazini. Nilitaka kuruka niogelee, kwa kuwa ukingo ulikuwa karibu, pengine hatua kumi na tano. Buti ikijaa maji mguu hauinuki vizuri, na kupanda ukingo wa matope ni shida kubwa. Nikazivua, nikakaa juu ya mwamba, nikangoja. Kilichonifanya nitulie ni kitu kimoja tu: alfajiri nilikuwa nimemwambia mama watoto, "Niko penye mawe, nyuma ya shamba la mihogo, ng'ambo ya huku. Saa tatu niko nyumbani." Saa tatu na nusu alimtuma shemeji yangu na kijana wa jirani, pamoja na kamba. Walikuja moja kwa moja, hawakuuliza njia. Walifunga kamba kwenye bidoni tupu, wakaitupa juu zaidi ya mwamba ili maji yenyewe yaniletee. Maji yalikuwa yamekwisha kufika magotini mwangu.

Samaki walipotea wote. Shemeji bado ananicheka.

Mwingine hakupata bahati hiyo. Alikuwa mfanyakazi wa zamu ya usiku, mtu mpole. Alitoka kazini saa kumi na mbili asubuhi, akaenda mtoni bila kulala. Mke wake alidhani ameongezewa zamu. Kazini walijua amekwisha kwenda nyumbani. Basi mchana mzima hakuna aliyemtafuta, kwa sababu kila upande ulifikiri yuko kwa wenzao. Ilipofika usiku watu walimtafuta karibu na daraja, mahali alipozoea. Siku hiyo alikuwa amekwenda chini zaidi. Alionekana siku ya pili. Karatasi yake niliiandika mimi.

Sijui kama angepona. Ninajua tu kwamba alitafutwa kwa kuchelewa, na mahali pasipo pake.

Nyumbani kwangu sasa kuna kibao nyuma ya mlango. Naandika kwa chaki mambo matatu: mahali, ng'ambo, saa ya kurudi. Mwanangu mkubwa anasoma kwa sauti, ndipo naruhusiwa kutoka. Nikibadili mahali njiani, namwambia mtu ninayekutana naye apeleke habari. Na mama watoto anajua kwamba nusu saa ikipita juu ya saa iliyoandikwa, haoni haya kupiga kelele kwa majirani. Afadhali waje wakukute unacheka na kambale mkononi. Siku hizi, vita ikiwa imewahamisha wengi katika Masisi na Walikale, kibao hicho kina kazi nyingine pia: kabla ya kuandika mahali, uliza kwanza habari za njia.

Mtu aliyetoka zamu ya usiku alale kwanza. Usingizi unakamata hata aliyesimama, na ndani ya mtumbwi unamkamata upesi zaidi. Mwenye kifafa asivue peke yake kamwe, hata kama hajaanguka miezi mingi. Pombe iachwe nyumbani. Chukua bidoni tupu ya lita 5 au zaidi, yenye kifuniko kinachokaza, na uifunge kiunoni kwa kamba fupi. Itakuelekeza mwenyewe ukianguka. Maji yakikuchukua, usishindane nayo. Lala chali, miguu mbele kuelekea maji yanakokwenda, ujisogeze kidogo kidogo ukingoni.

Na wewe uliye ukingoni? Msiruke majini wawili mkafa wawili. Anayezama mara nyingi hapigi kelele, kwa kuwa kinywa chake kinatafuta hewa tu. Lala kifudifudi, mpe ufito, tupa kamba au bidoni.

Akitolewa, msimning'inize kichwa chini, msimviringishe juu ya pipa, msimkamue tumbo. Nimeona hayo yote yakifanywa na watu wenye huruma, na yanapoteza dakika zilizobaki. Mlaze chali mahali pagumu. Kama hapumui, inua kidevu, mzibe pua, umpulizie pumzi 5 kinywani mpaka uone kifua kinapanda. Kisha weka mikono miwili katikati ya kifua, ubonyeze mara 30, kwa nguvu, kina cha sentimita 5 hivi, mwendo wa mara 100 hadi 120 kwa dakika. Halafu pumzi 2, halafu 30 tena. Mkichoka mpokezane. Msiache mpaka apumue au tufike. Akitapika mgeuzeni ubavu. Hata akiamka akasema yu mzima, aletwe dispensari, kwa sababu mapafu yaliyoingia maji yanaweza kumsumbua baada ya saa kadhaa.

Shirika la Afya Duniani limehesabu kwamba mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani. Wengi wao hawakuwa baharini.

Mambo madogo mawili ya mto kabla sijamaliza. Inzi wadogo weusi wanaouma mchana penye maji ya kasi ndio wanaoleta ugonjwa wa upofu wa mto. Kwanza ngozi inawasha na vinundu vinatokea, macho yanafuata baada ya miaka. Funika miguu na mikono, na wagawaji wa Mectizan wakipita kijijini mezeni, kila mwaka, hata usipojisikia mgonjwa. Na ndoano ikiingia kidoleni mpaka kwenye jino lake, usiivute kwa nguvu kurudi nyuma. Kata mshipi, njoo nayo ilivyo. Tutaitoa, na tutatazama kama sindano yako ya pepopunda haijapitwa.

Wanaotaka kujizoeza kupuliza pumzi na kubonyeza kifua waje dispensari Jumamosi baada ya zamu ya asubuhi. Kuna godoro kuukuu na mto wa kulalia uliofungwa kamba, ndiye mgonjwa wetu. Akina mama waje pia, kwa kuwa saa ya kurudi ikipita, ninyi ndio mtakaokuwa wa kwanza kujua.