Ushauri: Jina la Marehemu Dada

Shangazi, baba yangu alisoma Moscow enzi za Wasovieti. Aliporudi alimpa dada yangu jina la Svetlana. Dada sasa ni marehemu, na nataka binti yangu mchanga alirithi. Katekista anasema ni jina la kipagani, halina mtakatifu. Mama mkwe naye anasema ni la Wakomunisti. Nifanyeje?
Mama Kichanga, Moshi

Mwanangu, hongera kwa kujifungua, na pole kwa kumpoteza dada.

Katekista wako kapatia nusu. Jina hilo halikutoka kanisani, lakini halikutoka kwenye matambiko pia. Ni la kutungwa. Mwaka 1802 mshairi Alexander Vostokov alitaka jina lenye sura ya kale kwa binti wa hadithi yake, akaliunda kutokana na neno la Kirusi lenye maana ya nuru. (Kuunda majina alikuzoea: yeye mwenyewe alizaliwa Osteneck, jina la Kijerumani.) Aliyelivumisha ni Vasily Zhukovsky, kwa shairi alilolichapisha 1813. Humo msichana anakaa peke yake usiku wa kuamkia Epifania, mbele yake kioo na mshumaa, akipiga ramli apate kumwona mchumba aliyetoweka. Mchumba anatokea, anampakia kwenye sleji, farasi wanatimua theluji hadi kwenye kibanda chenye maiti. Maiti ni mchumba huyohuyo! Msichana anagutuka, kumbe alisinzia, na asubuhi ile mchumba anawasili mzima.

Warusi walilipenda, ila wakakwama ulipokwama wewe. Halikuwemo kwenye kalenda ya watakatifu wa Kiorthodoksi, na mapadri hawakulibatizia. Hata manowari ilipewa jina hilo, ikazamishwa vitani huko Tsushima mwaka 1905, huku wasichana wakilikosa. Baada ya mapinduzi ya 1917 vizazi vikaanza kuandikishwa na serikali badala ya kanisa, ndipo likaenea. Stalin alimwita hivyo binti yake aliyezaliwa 1926, na hapo mama mkwe kapata pa kushikia. Lakini jina liliutangulia utawala wa Wakomunisti kwa zaidi ya miaka mia. Tena Svetlana Alexievich wa Belarus, mshindi wa Nobel ya Fasihi 2015, ameandika kurasa nyingi za watu walioumizwa na utawala huo.

Waumini wa kule walijitafutia njia: nyumbani mtoto ni Svetlana, kanisani anabatizwa Fotina. Hilo ni la Kigiriki, nalo linatokana na nuru. Wakristo wa Mashariki humwita hivyo yule mwanamke Msamaria wa kisimani, Yohana sura ya 4.

Kwa ninyi Wakatoliki ni rahisi zaidi. Kanuni ya 855 ya Sheria za Kanisa za 1983 inataka tu jina lisiwe geni kwa hisia za Kikristo. Haidai jina la mtakatifu. Zungumza na paroko mwenyewe, umweleze habari za dada yako. Ukitaka na mama mkwe atulie, mwandikishe Svetlana Lusia: Lusia ni mtakatifu, na kwa Kilatini naye ni wa nuru. Bibi atamwita analotaka.

Ukienda kuchukua cheti cha kuzaliwa, beba jina limeandikwa herufi kubwa kwenye karatasi. Usimtamkie karani, atakuandikia Switilana, na kusahihisha cheti ni safari nyingine.