Bunduki Inapokataa Kulia: Uchunguzi wa Pini ya Kugongea

Mfugaji wa Mogitu, wilayani Hanang, mwenye kibali cha kumiliki bunduki ya risasi moja, anakesha karibu na zizi akimsubiri fisi. Fisi anatokea. Mfugaji analenga, anavuta kifyatulio, na kinachosikika ni mlio mdogo wa chuma kugonga chuma, risasi haitoki. Asubuhi yake majibu huwa matatu: risasi ilikuwa mbovu, pini imevunjika, au bunduki imerogwa. Jibu la tatu halina kipimo. Mawili ya kwanza yanapimika, na makala hii inaeleza jinsi ya kuyatenganisha.

Kabla ya yote, ni lazima ifahamike kwamba bunduki iliyokataa kulia haijawa salama. Mara chache fataki huwaka polepole, na baruti ikashika moto baada ya muda mfupi. Mtu anayefungua bolti papo hapo ili atazame huweza kuipasua risasi usoni pake, kwa kuwa ganda la shaba likiwa nje ya chemba halina ukuta wa chuma wa kulizuia. Kwa hiyo mtutu huelekezwa mahali pasipo na mtu wala mnyama, na mwenye bunduki husubiri angalau dakika nzima. Hapo tu ndipo bolti hufunguliwa, na risasi ile hutolewa na kuhifadhiwa. Isitupwe: hiyo ndiyo shahidi.

Kazi ya pini ni nyepesi kueleza. Bunduki inapokokiwa, kamani hubanwa na kuweka akiba ya nishati. Kifyatulio kikivutwa, kamani huisukuma pini mbele, nayo hugonga fataki, yaani kikombe kidogo cha metali kilicho kwenye kitako cha ganda. Ndani ya kikombe hicho mna kemikali inayolipuka kwa kugongwa, na cheche zake huwasha baruti. Katika risasi ndogo za .22 kemikali hiyo imo ndani ya ukingo wa ganda, hivyo pini hugonga pembeni badala ya katikati.

Historia inaonyesha kwamba udhaifu wa pini ni wa zamani. Bunduki ya Dreyse, iliyokubaliwa na jeshi la Prussia mwaka 1841, ilikuwa na pini ndefu kama sindano. Ilitoboa risasi ya karatasi, ikapita katikati ya baruti, ndipo ikaifikia fataki. Baruti ilipowaka, sindano ilikuwa ndani ya moto. Si ajabu kwamba askari walibeba sindano za akiba. Ganda la metali liliiondoa pini motoni kwa kuiweka fataki nyuma. Mauser ya 1871, bunduki ya risasi moja ya milimita 11 ambayo askari wengi wa jeshi la Wajerumani katika Afrika Mashariki walikuwa nayo vita vilipoanza mwaka 1914, ilikuwa na mpango huo: pini fupi ndani ya bolti, imezungukwa na kamani.

Sasa tuchukue mfano wa hesabu. Kamani inasukuma kwa nguvu ya nyutoni 80 ikiwa imebanwa, na nyutoni 40 pini inapofika mwisho. Wastani ni 60. Pini inasafiri milimita 12. Nishati ni 60 × 0.012, yaani jouli 0.72. Kamani iliyochoka ikipoteza robo ya nguvu yake, hubaki jouli 0.54. Uchafu ukileta msuguano wa nyutoni 10, jouli 0.12 nyingine hupotea, na zinabaki 0.42. Kila kasoro peke yake ilikuwa ndogo. Zikiungana, karibu nusu ya pigo imetoweka. Ndiyo sababu bunduki hulia vizuri mchana wa joto na kukataa usiku wa baridi ya Julai, mafuta yanapokuwa mazito.

Kuhusu mafuta, kuna jambo linalohusu nyanda hizi hasa. Mafuta ya alizeti hupatikana jikoni kwa urahisi, na ni kishawishi kuyapaka kwenye bunduki. Lakini mafuta ya mimea kama hayo yana molekuli zinazoungana na oksijeni ya hewani, kisha zenyewe kwa zenyewe, hadi yanakuwa utomvu unaonata. Mwalimu wa kemia anaweza kuwaonyesha wanafunzi utando huo huo kwenye ukingo wa kikaango cha zamani. Mafuta ya mashine yatokanayo na petroli hayafanyi hivyo. Pini nyingi zinazodhaniwa kuwa mbovu zimekwama tu katika utomvu na vumbi. Tiba yake ni kusafisha, kukausha, na kupaka mafuta membamba kidogo sana.

Turudi kwa shahidi. Fataki isiyo na alama yoyote inasema kwamba pini haikuifikia: imevunjika, imekwama, au haikuachiliwa. Alama isiyo na kina hushuku kamani au uchafu, lakini hapa fundi asikimbilie kuhukumu. Kama chemba imelika na risasi inaingia ndani mno, pigo huisukuma risasi mbele badala ya kuibonyeza fataki, na alama huwa hafifu ingawa pini ni nzima. Alama iliyo upande mmoja huonyesha pini iliyopinda au tundu lililopanuka. Fataki iliyotobolewa ni onyo la ncha kali au ndefu kupita kiasi, na gesi ya moto huweza kurudi kwa mpigaji.

Na alama ikiwa na kina sawa na ile ya maganda yaliyolia vizuri? Basi pini haina hatia. Lawama ni ya risasi. Mfano mkubwa wa jambo hilo ulitokea mwaka 1915. Meli Rubens, iliyojificha kwa jina la Kronborg, ilishambuliwa na manowari ya Uingereza Hyacinth katika ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, na shehena yake ya risasi ikalowa maji ya bahari. Risasi ziliopolewa, lakini fataki na baruti ziliendelea kuharibika. Von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani, ameandika kwamba zilibidi zifunguliwe, baruti isafishwe, na baadhi zipewe fataki mpya, kazi iliyochukua miezi katika karakana za Moshi. Risasi ambazo hazikuharibika zilitengwa kwa bunduki za rashasha; katika zile zilizotengenezwa upya, zenye kukataa kiasi cha asilimia 20 ziliwekwa kwa mapigano, na mbaya zaidi kwa mazoezi. Dawa ilitafutwa kwenye risasi, mahali ugonjwa ulipokuwa.

Pini yenyewe ikithibitika kuwa mbovu, ibadilishwe kwa pini ya aina ile ile. Msumari hauwezi kushika nafasi yake. Msumari ni chuma laini, na ncha yake hubonyea baada ya mapigo machache. Wahunzi wanalijua jambo hili kwa mikono yao: chuma cha kaboni kikipashwa hadi kuwa chekundu na kuzimwa ghafla huwa kigumu lakini chepesi kuvunjika, na hupashwa tena kwa moto mdogo ili kipate ustahimilivu. Pini njema iko kati ya hali hizo mbili, na ncha yake ni ya mviringo. Kazi hiyo ni ya fundi mwenye leseni. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haimwachii kila mwenye tupa.

Darasani, bunduki haihitajiki na isiletwe. Chukua boliti ya gramu 50 yenye kichwa cha mviringo na udongo wa mfinyanzi uliokandwa sawasawa. Boliti ikidondoshwa kutoka sentimita 147 inafika na jouli 0.72, kutoka sentimita 110, jouli 0.54, kutoka sentimita 86, jouli 0.42. Pima kina cha kila shimo, mara kumi kwa kila kimo. Kisha weka udongo juu ya sifongo na kurudia kimo cha kwanza. Wanafunzi waulizwe, kabla ya kupima, kama shimo litakuwa na kina kile kile, na ni kasoro gani ya bunduki inayoigizwa na sifongo hiyo.