SOMO LA BOHARI: KUCHAGUA CHAMBO LAINI KILICHOFUNGWA TAYARI



Nikaguapo bohari ya chama cha wavuvi, aghalabu huanzia rafu ya nyuma kabisa, kwa maana ndiko husukumwa vitu visivyouzika. Katika chama kimoja kando ya Ziwa Naivasha nilikuta huko katoni ya vyambo bandia vya mpira laini, vyenye umbo la samaki, vilivyotiwa ndoana na risasi kiwandani. Vilinunuliwa 60 kwa shilingi 400 kila kimoja. Katika muda wa miezi kumi na minne vilikuwa vimeuzwa vinne tu. Shilingi 22,400 za wanachama zilikuwa zimelala vumbini. Daftari la mali lilikuwa safi, ankra ilikuwapo na stakabadhi ilikuwapo. Kosa lilikuwa katika uchaguzi wenyewe. Kamati ilichukua chambo kikubwa na kizito kuliko vyote kwa sababu katoni yake ilipunguzwa bei.

Samaki anayekusudiwa na chambo hiki ni besi wa mdomo mkubwa. Asili yake ni Amerika ya Kaskazini, naye aliletwa Naivasha mwaka 1929. Katika nyavu zetu amekwisha pitwa kwa wingi na samaki walioingia baadaye, lakini mgeni avuaye kwa ufito bado humtaka yeye, kwa kuwa hushambulia kwa nguvu na hupigana akishikwa. Wanachama wanaowapeleka wageni hao kwa mashua hupata chakula chao kwa kazi hiyo. Mgeni akirudi mikono mitupu siku mbili, siku ya tatu hutafuta mashua nyingine.

Besi hakimbizi windo lake mbali. Hujificha kwenye ukingo wa mafunjo, chini ya magugumaji yanayoelea, au kando ya miti na nyua zilizozama maji yalipopanda mwaka 2020, naye hurukia kipitacho karibu. Huona vizuri, tena ubavuni mwake mna mstari wa hisia unaomwezesha kutambua mtikisiko wa maji. Ndiyo maana chambo hiki hutengenezwa na mkia bapa kama kasia: kikivutwa, mkia hupiga kushoto na kulia, na mwili wote hutikisika kama dagaa aliyechoka.

Matumizi ya plastiki laini kuvulia besi yalienea baada ya mwaka 1949, ambapo Nick Creme wa mji wa Akron, jimbo la Ohio, Marekani, alifinyanga mnyoo wa namna hiyo. Kwa mnyoo wa aina ile mvuvi hujifungia mwenyewe ndoana na risasi apendavyo. Chambo tunachokizungumzia ni tofauti. Risasi imefichwa ndani ya kifua, na ndoana imetoka mgongoni. Wala hakuna awezaye kupunguza uzito huo asiharibu mwili. Kwa hiyo uamuzi ambao mvuvi angeufanya mashuani, Katibu huufanya mapema anapoandika hati ya kuagiza.

La kwanza kuulizwa, basi, si bei wala rangi. Ni kina cha maji ambamo wanachama wako huvua, na urefu wa majani yaliyoota chini yake. Tuseme maji ni mita mbili na majani yamepanda nusu mita kutoka chini. Chambo kinatakiwa kipite juu kidogo ya majani hayo, polepole. Kikiwa kizito mno, mvuvi hulazimika kukivuta mbio ili kisizame majanini. Na asubuhi ya baridi besi hashughuliki na kitu kipitacho mbio. Akikivuta taratibu, hutoa majani kila mara. Hivyo ndivyo vile 60 vilivyowashinda wavuvi wa chama kile: vilitengenezwa kwa maji yenye kina, nao huvua ukingoni.

Njia ya kupima ni nyepesi. Omba vitatu au vinne vya uzito mbalimbali kabla ya kuagiza katoni. Nenda gatini mahali unapojua kina chake, kiachilie chambo huku mshipi umelegea, uhesabu sekunde hadi kifike chini. Kikishuka mita mbili kwa sekunde nne, mwendo wake ni nusu mita kwa sekunde. Mvuvi atakayetaka kuvua kina cha mita moja na nusu atahesabu tatu, kisha aanze kuvuta. Andika hesabu hiyo kwenye kadi, uibandike kwenye sanduku. Kwa maji yetu ya ukingoni, chambo cha sentimita 8 hadi 10 ndicho kinachotoka zaidi. Vile vya sentimita 15 viagizwe vichache, kwa mwenye kumtafuta samaki mkubwa.

Ndoana moja iliyotazama juu hupenya majanini kwa urahisi. Ile yenye meno matatu, inayoning'inia tumboni, hushika samaki vyema mahali peupe, lakini penye magugumaji na nyaya za nyua hupotea siku ile ile. Itazame pia nafasi kati ya ncha na mgongo: ikizibwa na mpira, samaki ataachia. Rangi isiwapotezee muda wanakamati. Maji maangavu, rangi ya fedha au kahawia. Maji ya tope, nyeusi au ing'aayo.

Katika kuvua, mkono wa haraka ndio adui. Tupa sambamba na ukingo wa mafunjo, wala si kuyaelekea, ili chambo kikae muda mrefu mahali samaki alipo. Vuta kwa mwendo mmoja, wa polepole kadiri mkia unavyoweza kuendelea kupiga. Kikigusa mti, simama kidogo, kisha endelea. Mara nyingi besi hupiga hapo. Ukisikia uzito, endelea kuvuta mpaka mshipi ukaze, kisha inua ufito kwa nguvu ya kadiri. Ukishtuka mapema unamnyang'anya. Na mafunjo ni maficho ya kiboko vilevile, kwa hiyo sitaki kusikia kwamba mwanachama amesogeza mashua kwa ajili ya chambo cha shilingi 400.

Bohari nayo ina wajibu wake. Viache vyambo katika vibao vyake vya kiwandani. Vikirundikwa, mikia hupinda, na chambo chenye mkia uliopinda huogelea ubavu. Uliopinda huchovywa katika maji ya moto kwa muda mfupi, hunyoshwa kwa vidole, kisha hutiwa katika maji baridi. Usichanganye vyeupe na vyeusi, kwa kuwa rangi huambukizana. Vilivyochanika virudishwe bohari, visitupwe ziwani.

Vile 56 nimeshauri kamati iviuze, hata kwa hasara kidogo, kwa wavuaji wa besi kwenye maji yenye kina. Fedha itakayopatikana inunue sampuli nne, na gati lipo hatua chache kutoka mlango wa bohari.