Dondoo muhimu: Kisanduku cha shanga cha mtumba kimetoka wapi?

Mnunuzi mzoefu hakimbilii rangi za juu. Hukigeuza kisanduku kwanza.

Kitako. Jina la nchi husaidia kukadiria umri: sheria ya ushuru ya Marekani ya 1890 ililazimisha bidhaa za kigeni zioneshe zilikotengenezwa. Alama isipokuwepo, hilo pekee halithibitishi chochote, maana vibandiko hubanduka.

Kinachoshika shanga. Shanga na vipande vya kioo vilivyodidimizwa kwenye tabaka gumu mfano wa lakiri huelekeza India, ambako mafundi, wakiwemo wa Jaipur, hutumia utomvu wa wadudu waitwao *Kerria lacca*. Utomvu huo hulainika kwa joto na huyeyuka kwenye spiriti. Kisanduku kifutwe kwa kitambaa kikavu na kisianikwe juani.

Uzi. Ikiwa shanga zimetungwa, uzi wa nailoni hauwezi kuwa wa kabla ya mwishoni mwa miaka ya 1930. Hata hivyo, huenda uliwekwa wakati wa ukarabati, hivyo zitazamwe pia nyuzi za kona na za ndani ya kifuniko.

Shanga zenyewe. Kioo ni kizito na baridi shavuni. Plastiki ni nyepesi, hupata joto la mwili upesi, na mara nyingi huwa na mstari wa kalibu. Jaribio la sindano ya moto liepukwe, kwani huacha kovu.

Shanga peke yake haioneshi kisanduku kilikotoka: kazi nyingi za Wamaasai zimetungwa kwa shanga za kioo kutoka Czech.